Kumsubiri Mtoto Akojoe

Wanangu mnaoanza kazi ya skani, nawasalimu. Nilistaafu mwaka jana, na tangu hapo majirani zangu huku Mji wa Kale hawaishi kuniuliza, "Bi Mishi, hasa kazi yako ilikuwa nini?" Nikiwajibu kwamba nilikuwa nikipiga picha matumbo ya waja wazito, wanaitikia kwa adabu. Nikiwaambia kwamba sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kukaa kwenye chumba chenye giza, juu ya kiti kibovu, ukimvizia mtoto ambaye hajazaliwa akojoe, wanacheka kisha wananiuliza habari za wajukuu.

Ninyi msicheke, au chekeni huku mkisikiliza. Maji yanayomzunguka mtoto tumboni, mimba ikishavuka nusu, mengi yake ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Anayameza, figo zinayachuja, anayakojoa, anayameza tena. Ndani ya maji hayo ndimo anamonyoosha miguu, na mapafu yake yanakomaa humo. Kwa hivyo maji yakipungua, lazima ujiulize: huyu mtoto anakojoa au hakojoi? Mama hajui. Daktari hajui. Mtoto anajua, lakini hasemi. Unabaki wewe na mashine.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kadenge, Mgiriama mrefu, mikono mikubwa kama ya mchukuzi wa Shimanzi, lakini akiiweka juu ya tumbo la mama ilikuwa myepesi kama anayejaribu mkate wa mayai kama umeiva. Kliniki yetu ilikuwa ghorofa ya pili, karibu na Mwembe Tayari. Mabasi ya bara yakipiga honi, watoto wote matumboni wanaruka, na kipimo chako kimeharibika, anza upya. Mzee Kadenge alikuwa akisubiri basi liondoke, kisha anamwambia mtoto, "Pole, bwana, tuendelee."

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya mwezi ule ule nilioajiriwa. Alikuja mama mmoja kutoka Makupa, mimba ya miezi minane. Nikaligawa tumbo vipande vinne kama nilivyofundishwa, mstari mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala, ikikutana kitovuni mwa mama. Katika kila kipande unatafuta kidimbwi cha maji chenye kina kuliko vyote, unakipima juu hadi chini, kisha unajumlisha. Vipande vitatu vilikuwa sawa. Cha nne, kule chini, nikakuta ziwa zima! Jeusi, kama maji yanavyoonekana kwenye kioo, safi, halina mkono wala mguu. Nikafurahi kama aliyechimba kisima akapata maji baridi. Nikaandika: maji ni mengi kupita kiasi. Muuguzi akaanza kumpanga mama kwa kipimo cha sukari, maana maji yakizidi, sukari hushukiwa.

Mzee Kadenge akaichukua ile picha, akaitazama kwa muda. Kisha akamgeukia mama.

"Samahani, mama. Tangu umefika umekwenda msalani?"

"La, baba. Mara ya kwanza nilipokuja mliniambia nije nimebana mkojo. Basi na leo nimebana."

"Nenda, mama. Polepole."

Mama alipoondoka na kurudi, Mzee Kadenge akaiweka mashine pale pale. Ziwa halikuwepo. Palikuwa na bega la mtoto na kidimbwi cha kawaida.

"Binti," akaniuliza, "lile ziwa lako limekwenda wapi?"

Nikalitafuta kwenye kioo.

"Limekwenda msalani," akasema, bila kutabasamu. Aliyecheka ni mama, akacheka mpaka ikambidi arudi tena alikotoka. Tangu siku hiyo sikupima maji ya mtoto kabla ya kuhakikisha ya mama yameshamwagwa.

Nilikuwa pia na tabia ya kukandamiza. Ukikandamiza tumbo, vidimbwi vinabonyea, na mtoto asiye na tatizo anaonekana amekaukiwa. Mzee Kadenge alikuwa akisimama nyuma yangu akiuliza, "Unapima maji, au unakanda unga wa mahamri?" Akanifundisha pia kuwasha rangi, ile inayoonyesha damu inakopita, kabla ya kupima, kwa sababu kidimbwi unachokiona cheusi pengine kimejaa mikunjo ya kitovu, ule mshipa mrefu unaomlisha mtoto. Ukiwasha rangi, kitovu kinawaka nyekundu na buluu, nawe unaona aibu peke yako.

Lakini kubwa aliloniachia ni subira. Siku moja sikukiona kibofu cha mtoto, nikageuka kwenda kumwita daktari. Akanishika bega. "Keti. Labda amemaliza haja zake ulipokuwa ukitafuta kalamu. Mpe nusu saa, mpe zaidi. Kibofu chake kinajaa na kumwagika kama chako." Akavua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya mashine. Dakika ya ishirini kibofu kikatokea, kiduara cheusi kati ya ile mishipa miwili inayokikumbatia huku na huku. Hiyo mishipa ndiyo alama yenu. Iwasheni rangi, na hata kibofu kikiwa kitupu mtajua kinapokaa.

Sasa niwaeleze habari ya Bi Rukia, maana ndiyo iliyonitia kwenye kuandika haya.

Mzee Kadenge alikuwa ameshastaafu, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa chumba. Wakaja watu watatu kutoka Mji wa Kale. Wa kwanza ni Salma, binti mpole, mimba yake ya kwanza, miezi saba. Wa pili ni mavyaa wake, mama mzaa mumewe, Bi Rukia, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye mkoba mkubwa kama wa mtu anayesafiri. Wa tatu ni mumewe Bi Rukia, Maalim Athumani, aliyesomesha watoto wa mtaa mzima Kurani chuoni kwake. Mume wa Salma alikuwa zamu bandarini. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito alikuwa amepima tumbo la Salma akaliona dogo kuliko miezi yake. Maalim akaketi kwenye benchi nje ya pazia, wanawake wakaingia.

Nikamwambia Salma aende msalani kwanza. Akarudi, akalala, nikaanza. Kipande cha kwanza, kidimbwi chembamba kama uzi. Cha pili, hakuna. Cha tatu, kinafanana na kidimbwi, nikawasha rangi, ni kitovu. Cha nne, chembamba tena. Nikalegeza mkono, nikapima upya. Vile vile. Uso niliutuliza, na hilo nalo mjifunze.

Nikatafuta figo. Nashukuru, zote mbili zilikuwepo, moja huku na moja huku ya uti wa mgongo, kama maharagwe mawili. Nikatafuta kibofu. Hakikuonekana.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" akauliza Bi Rukia.

"Maji ya mtoto ni machache, mama. Nataka kumngoja ajaze kibofu, nijue kama anakojoa vizuri. Maji haya mengi yake ni mkojo wake."

Bi Rukia akasimama. "Mkojo? Na mtoto yumo humo humo?"

"Yumo, na anayanywa. Ndivyo Mungu alivyompangia."

"Subhanallah! Na Salma anaswali swala tano, na mkojo wa mtu mwengine tumboni?" Hakunipa nafasi ya kujibu. Akaligeukia pazia. "Maalim! Umesikia haya?"

"Nimesikia," ikaja sauti ya upole. "Na wa Mwembe Tayari wamesikia."

"Sasa hizo swala zake zina hukumu gani?"

Maalim akasema, "Bi Rukia, wewe ukienda kuswali, kibofu chako huwa unakiacha nyumbani?"

Salma akacheka mpaka tumbo likatikisika, nikapoteza figo ya kushoto.

Basi tukangoja. Nikaweka saa juu ya mashine kama nilivyofundishwa. Dakika kumi, hakuna. Dakika ishirini, hakuna. Bi Rukia akavuta kiti karibu, akainamia tumbo. "Kojoa, mama. Kojoa, bibi yangu. Hapa hapana mgeni." Alipoona hajibiwi, akaanza ile "siii, siii" tunayowafanyia watoto tukiwakalisha msalani. Akaipiga kwa bidii. Mtoto hakukojoa. Ila Maalim alisikika nje akimwuliza muuguzi msalani ni wapi, na mimi mwenyewe nilikuwa na hali ngumu.

Baada ya nusu saa kikatokea kitu kati ya ile mishipa miwili. Kidogo, kama punje ya pojo. Nikakipima urefu, upana na kina, nikaandika. Dakika kumi baadaye nikapima tena. Kimeongezeka, lakini kwa uvivu ambao sijawahi kuuona. Nikapima tena na tena. Kwa hivyo figo zilikuwa zikifanya kazi, ila mkojo ulikuwa haba mno.

Nikamwita daktari, kijana mtaratibu. Akamwuliza Salma kama anahisi kulowa, labda chupa imevuja. La. Mtoto anacheza? Anacheza. Tukampima mtoto mwenyewe, ana ukubwa unaostahili, na damu kwenye kitovu inakwenda sawa. Daktari akauliza, "Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hakuna, daktari. Ni zile za kuongeza damu tu mlizonipa."

Daktari akanivuta kando. Alikuwa akifikiria kumpeleka hospitali kubwa siku ile ile, na maji yakizidi kukauka mtoto huenda akatolewa kabla ya wakati wake. Miezi saba, wanangu. Nilimtazama Salma akijifuta jeli tumboni, akitabasamu bado kwa yale maneno ya Maalim, nikatamani daktari aseme taratibu zaidi.

Nikainuka kwenye kile kiti, mgongo ukalia. Nilikuwa nimekaa karibu saa nzima. Nikashika kiuno, nikasema "Ah!"

"Mgongo?" akauliza Bi Rukia, kwa huruma ya kweli. Mkoba ukafunguka. Akatoa karatasi laini iliyokunjwa, ndani mna vidonge vya waridi. "Twaa kimoja, mwanangu. Vya magoti yangu hivi, lakini mgongo vinauondoa kabisa. Hata Salma, maskini, mgongo ulikuwa ukimuua. Nampa kimoja asubuhi na kimoja jioni, sasa analala kama malaika."

Daktari na mimi tukatazamana.

"Tangu lini, mama?" akauliza daktari.

"Ni wiki ya tatu hii."

Daktari akavichukua, akavigeuza kwenye kiganja. Vilikuwa vile vya maumivu ya viungo ambavyo mja mzito wa miezi hiyo hapewi hivi hivi. Vinatuliza mgongo wa mama, lakini vinapenya mpaka kwa mtoto na kupunguza damu inayofika kwenye figo zake, na figo zikikosa damu, mkojo haupatikani. Akaeleza haya kwa maneno mepesi. Nikamwuliza Salma mbona hakutwambia.

Akatazama chini. "Sikujua ni dawa, Bi Mishi. Vilikuwa mkobani mwa mama. Na nitamkatalia vipi mama?"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hata Mzee Kadenge hakunifundisha. Usimwulize mama, "Unatumia dawa?" Mwulize, "Nyumbani nani anakupa nini ukiumwa?" Dawa kwa watu wengi ni ile iliyoandikwa na daktari. Iliyotoka kwa mavyaa ni mapenzi.

Daktari akampigia mkubwa wake wa hospitali, wakakubaliana: vidonge visimame mara moja, Salma apumzike, anywe maji, ahesabu mtoto anavyocheza, akipunguza kucheza aje mbio, na baada ya siku tatu tupime tena. Bi Rukia hakusema neno. Alivifunga vile vidonge kwenye karatasi yake, akavitia kwenye pipa la taka, akatoka bila hata kuniaga. Kwa mwanamke yule, kimya kile kilikuwa cha kutisha kuliko kipimo chenyewe.

Siku ya pili, baada ya alasiri, nikasikia hodi mlangoni kwangu. Bi Rukia, peke yake. Nikamkaribisha, nikamtilia kahawa. Hakuigusa.

"Mishi, nambie kweli. Usinifichie kwa kuwa mimi ni mtu mzima. Ni mimi niliyemkausha mtoto?"

Mngemjibuje, wanangu? Nilitaka kusema hapana. Midomo ilikuwa tayari.

"Ni vidonge, mama," nikamwambia. "Ulivitoa wewe, hukujua. Lakini na mimi nilikaa na Salma saa nzima, daktari akamwuliza, hatukupata kitu. Kama hungenionea huruma mgongo wangu, angekuwa amelazwa sasa, nasi hatujui tunatibu nini."

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Na mgongo wako waendeleaje?"

"Bado unauma."

"Mimi sina cha kukupa," akasema, na machozi yakamtoka na kicheko pamoja. Akavuta kikombe, akanywa kahawa yote, akaomba cha pili.

Siku ya tatu walifika kabla hatujafungua. Salma alisema mtoto anacheza sana. Nikamlaza. Safari hii Bi Rukia alikaa kimya, vidole kwenye tasbihi. Nikaiweka mashine, na kabla sijatafuta chochote kibofu kilikuwa pale, cheusi, cha mviringo, kikubwa kama tende. Nikakipima, na dakika kumi baadaye nikakipima tena. Kinajaa kwa kasi kama cha mtoto yeyote.

"Ni kile?" Bi Rukia akanong'ona.

"Ndicho."

Tukiwa tunakitazama sote, kikaanza kunywea. Kikapungua, kikapungua, kikawa uzi, kikapotea, na kwenye kioo vichembe vidogo vikazunguka ndani ya maji.

"Kimekwenda wapi?" akaruka Bi Rukia.

"Amekojoa, mama."

Naapa sijawahi kusikia vigelegele kama vile, hata arusini. Nje benchi likagongwa, watu wakasimama, na Maalim akaita kwa sauti iliyotetemeka, "Kazaliwa?"

"Hajazaliwa! Kakojoa!"

"Alhamdulillahi," akasema Maalim. Na wagonjwa wote pale nje, ambao hawakujua nani amekojoa wala wapi, wakaitikia pamoja naye.

Maji yalikuwa yameongezeka, si mengi, ila kila kipande sasa kilikuwa na kidimbwi cha haki. Wiki iliyofuata yalikuwa ya kawaida. Salma alijifungua miezi tisa kamili, siku ya Ijumaa, mtoto wa kike mwenye sauti ya bibi yake. Nilijua kwa sababu simu yangu ililia, ni Bi Rukia, na nyuma ya maneno yake nilimsikia mtoto akilia.

"Mishi! Mtoto mzuri, mashallah, hana kasoro. Lakini hajakojoa!"

"Amezaliwa saa ngapi, mama?"

"Robo saa sasa!"

Nikamweleza kwamba mtoto mchanga anaweza kukaa hata siku nzima, na kwamba wauguzi wanaangalia. Akasema amenisikia. Baadaye Maalim akapiga, akaniomba nimshawishi mkewe arudi nyumbani apumzike, maana amekataa kuondoka kando ya kitanda na kila saa anafungua nepi. Nikampigia. Akasema amenisikia.

Asubuhi nilipopita wodini, Bi Rukia alikuwa amelala kwenye kiti, kichwa ukutani, mdomo wazi, mkono mmoja bado umeshika ukingo wa kitanda cha mtoto. Salma alikuwa ameketi akinyonyesha. Aliponiona akaweka kidole midomoni.

"Amekojoa alfajiri," akanong'ona. "Mara mbili. Mama alikuwa ndiyo kwanza usingizi umemchukua, sikutaka kumwamsha."

Juu ya meza, pembeni ya chupa ya chai, palikuwa na nepi iliyokunjwa vizuri, imelowa.

"Nimemwekea," akasema Salma. "Akiamka aione mwenyewe."